Jalala la Bi Mwajuma

Nyie vijana mnaopita mitaani na mashine za kukatia majani mabegani, mkinguruma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi, hebu zimeni kwanza hayo madude mje hapa. Sitawachelewesha. Na hata nikiwachelewesha, majani hayakimbii.

Mimi naitwa Nyamizi. Magoti yamenigomea, nimestaafu, lakini mikono hii imetengeneza bustani na viwanja vya nyumba za watu hapa Tabora, kuanzia Mtendeni mpaka njia ya Kipalapala. Wengi wananiuliza, "Mama Nyamizi, siri ya uwanja mzuri ni nini? Ulikuwa unatia mbolea gani?" Nawajibu hivi: kabla hujatazama ua wala jani, tazama ukuta wa nyumba pale chini unapogusana na ardhi. Basi wananicheka. Wanatazamana, wanaona bibi ameanza kuchanganyikiwa.

Cheka tu. Mimi mwenyewe nilicheka siku Bi Zuhura aliponiambia. Bi Zuhura ndiye aliyenifundisha kazi, na leo nataka mumjue, kwa sababu nyie mnajifunza kwenye simu, na simu haijawahi kuingia matope kwenye kucha.

Alikuwa mtu wa mjini hapahapa, Mwislamu wa ukoo uliokaa Tabora tangu zama za misafara. Mfupi, mnene kiasi, khanga imefungwa kiunoni, na miguuni mabuti ya mvua ya kiume yaliyomzidi ukubwa. Akitembea utasikia pwata, pwata, pwata, unajua Bi Zuhura yuaja. Mkononi alikuwa na birika. Si la chai, la maji. Akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, akishapiga hodi na salamu zikiisha, hakutazama maua hata kidogo. Alikwenda mlangoni, akainamisha birika, akamwaga maji polepole, kisha akachuchumaa kuyatazama yanakwenda wapi. Mwenye nyumba akimletea chai anamwambia, huku akiyaonyesha yale maji, "Subiri mwanangu, kwanza ninazungumza na huyu."

"Bi Zuhura," nilimuuliza siku za mwanzo, "si umuulize tu mwenye nyumba mvua ikinyesha maji yanapita wapi?"

"Mwenye nyumba atanieleza anavyopenda yapite," akanijibu. "Wewe binti wa Usoke, unapenda njia za mkato kweli."

Kweli nimetoka Usoke. Kwetu ni Wamoraviani, wakulima wa tumbaku, na nilipokuja mjini sikujua kitu kuhusu maua. Tumbaku lakini niliijua. Na hiyo ndiyo elimu pekee niliyomfundisha Bi Zuhura, tena alikubali kwa mbinde. Kulikuwa na nyumba moja yenye mawaridi yaliyoshambuliwa na vidukari, vile vidudu vidogo vya kijani vinavyojaa kwenye machipukizi. Nikaloweka mabua ya tumbaku usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo, tukanyunyizia. Vidukari vilikufa vizuri tu. Tatizo ni kwamba baba mwenye nyumba alikuwa ameacha sigara mwezi uleule, na mawaridi yalikuwa chini ya dirisha lake. Alitoka nje macho yamemtoka, pua juu, anazunguka uwanja wake kama mbuzi aliyesikia harufu ya chumvi. "Jamani, ni nani anavuta hapa? Mwambieni anigawie pafu moja!" Mkewe alitufukuza siku ile. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini barabarani na mabuti yake.

Ukitaka kuitumia dawa hiyo, sikiliza vizuri. Ni sumu, funika ndoo, weka mbali na watoto na kuku. Tena usiipeleke kwenye nyanya wala pilipili. Hizo ni ndugu za tumbaku, na utazipelekea ugonjwa wa ndugu yao.

Mengine aliyonifundisha ni madogo madogo. Udongo wetu huu ni kichanga, unakunywa maji kama mtu anayefuturu. Kwa hiyo usimwagilie kidogo kidogo kila siku ukadhani una huruma. Mizizi inabaki juu juu inakungoja. Mwagilia mara chache, lakini uloweshe mpaka chini. Mchwa nao hawali mti mzima kwanza, wanafuata kilichokufa, kwa hiyo ondoa visiki na vijiti vikavu kabla hujakimbilia dukani kununua dawa. Haya nadhani hata simu zenu zinajua. Ngojeni niwaambie ambalo simu haijui.

Siku moja, kiangazi kinaelekea kwisha, tuliitwa Mtendeni kwa Bi Mwajuma. Huyu alikuwa mjane, umri wake na Bi Zuhura unakaribiana, anaishi peke yake katika nyumba ya tofali za udongo iliyopigwa lipu mbele. Mtaa mzima ulimjua kwa uwanja wake. Lo, uwanja! Kila alfajiri akitoka kwenye swala alikamata fagio lake la vijiti vigumu, akaanzia mlangoni akarudi nyuma mpaka barabarani, na alikoacha, fagio limechora nusu mwezi, nusu mwezi, zimepangana kama magamba ya samaki. Hakuna jani, hakuna kokoto. Watu waliokwenda sokoni walipita pembeni wasimharibie. Walisema uwanja wa Bi Mwajuma unaweza kuupakulia wali na ukala.

Sasa alituita kwa sababu ya mpera wake. "Shoga yangu," akamwambia Bi Zuhura, "huu mti umekuwa na kiburi. Mizizi inapanda juu. Kila mwaka inapanda, inanikwaza nikifagia. Ikateni."

Niliitazama. Mizizi ilikuwa imejikunja juu ya ardhi, minene kama mapaja ya mtoto. Mimi nikashika panga. Bi Zuhura akanishika mkono.

"Ngoja. Birika liko wapi?"

Akaenda mlangoni. Mlango ule ulikuwa na ngazi za saruji, na Bi Mwajuma akaeleza kwa fahari kwamba alijengewa na mwanawe Hamisi anayefanya biashara Kahama. "Maana mlango nao umepanda. Nilipoletwa hapa mwari palikuwa na kizingiti tu, unavuka. Siku hizi pasipo ngazi siwezi kutoka."

Bi Zuhura akainamisha birika. Akamwaga maji. Yale maji hayakwenda barabarani. Yalijikusanya, yakageuka, yakafuata ukuta kwa upole kabisa, yakafika kwenye kona ya chumba anacholala Bi Mwajuma, yakapotea. Hayakutuama wala hayakunywewa na udongo wa juu, yaliingia chini ya ukuta. Bi Zuhura akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya ukuta, na mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Juu yake ukuta ulikuwa na ufa uliopanda mpaka karibu na bati.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mti haukupanda, mlango haukupanda. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Maisha yake yote ya ndoa na ujane mama huyu alikuwa akifagia udongo kidogo kila asubuhi, vumbi tu, lile linaloshikana na majani, na sasa msingi ulikuwa uchi na nyumba inaning'inia.

"Ufa huo Hamisi ameuona," akasema Bi Mwajuma, na sauti ilibadilika. "Amesema mvua za mwaka huu hazinikuti humu. Atakuja na gari, anihamishie Kahama. Ni mtoto mwema, mkewe ni mwema, simlaumu. Anaogopa nyumba isije ikaniangukia nimelala." Akaufuta ufa kwa ncha ya khanga kama mtu anayemfuta mtoto kamasi. "Lakini mimi hapa nimeolewa, hapa nimezaa, hapa nimekaa eda. Nilimwomba Mungu anichukulie hapa. Basi nyumba nayo imezeeka, tufanyeje."

Nyumba haikuzeeka. Mimi nilijua, Bi Zuhura alijua, na nikamwona anatafuna mdomo. Utamwambiaje mtu kwamba kile anachosifiwa na mtaa mzima ndicho kinachombomolea nyumba? Mimi ningefungua mdomo nikaropoka. Kwetu Usoke tunasema mambo kama yalivyo, halafu tunaombana radhi jioni.

Bi Zuhura aliinuka, akajikung'uta magoti. "Dada yangu, taka zako unatupa wapi?"

"Jalalani, nyuma. Kwani vipi?"

"Nipeleke nikalione."

Jalala lilikuwa nyuma ya choo, limeinuka kuliko uzio wa minyaa, limeota mapapai juu. Bi Zuhura akaomba jembe, akalichimba ubavuni. Juu palikuwa na majani na maganda, lakini ndani, wanangu, ulikuwa udongo mtupu. Mwepesi, wa rangi ileile ya uwanja, umechanganyika na majivu. Akachota, akamwekea Bi Mwajuma kwenye kiganja.

Bi Mwajuma akausugua kwa kidole gumba. Akaugeukia uwanja. Akaitazama ngazi ya mlango, akautazama mpera. Nikamshika mkono, tukamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kumbe," akasema. "Kumbe nimeifagia nyumba yangu mwenyewe."

"Hujaifagia," akajibu Bi Zuhura haraka. "Umeiweka akiba. Wenzako wanamwaga udongo wao barabarani unachukuliwa na mvua, wewe umeutunza wote hapa, hata chembe haijapotea. Sasa inuka tuurudishe."

Nimefanya kazi na watu wengi, wakiwemo wenye maneno matamu. Sijawahi kusikia mtu akiokolewa kutoka kwenye aibu kwa namna ile. Nilimpenda Bi Zuhura siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mtu asiye wa damu yangu.

Tuliurudisha kwa toroli. Mwashi alikuja kwanza akaziba lile pango chini ya ukuta kwa mawe na saruji, maana udongo peke yake usingeshika, msije mkadanganyana hapo. Kisha sisi tukachekecha jalala kwa wavu, tukamwaga udongo kando ya ukuta, safu nyembamba, tunanyunyiza maji, tunashindilia kwa gogo, safu nyingine, tunashindilia tena. Ukimwaga wote kwa pamoja unaonekana mzuri siku hiyo, halafu mvua ya kwanza unatitia. Ukutani tuliuinua, tukaushusha kidogo kidogo kuelekea barabarani, ili maji yapate pa kuteremkia.

Jalala lile lilikuwa na mambo. Kwenye wavu zilibaki shanga, vifungo, soli ya kiatu, na kijiko cha chai. Bi Mwajuma alikidaka kile kijiko. "Mungu wangu! Hiki nilimchapa Hamisi kwa kukipoteza!" Akampigia mwanawe kwa simu yake ya kitochi palepale. "Hamisi? Nisamehe baba. Kijiko kimeonekana. Kijiko gani? Cha seti ya harusi yangu! Nilikifagia mwenyewe." Sijui Hamisi alijibu nini, lakini mama alicheka sana, akakata simu, akakiosha.

Ugomvi ulikuja kwenye majani. Udongo mpya ni lazima ushikwe na mizizi, na Bi Zuhura alitaka tupande ukoka kando ya ukuta wote.

"Thubutu!" akasema Bi Mwajuma. "Majani uwanjani kwangu? Nyumba ikiota majani watu husema mwenyewe kafa au kahama. Na nyoka?"

"Tutayakata mafupi, hata mjusi hatajificha."

"Zuhura, nimekusikiliza kwa yote. Kwa majani, hapana."

Walinuniana siku nzima wale wakubwa. Mimi nilikuwa napeleka ujumbe kama mshenga, mmoja yuko mbele ya nyumba na mwingine nyuma. Mwishoni Bi Zuhura akaenda akakaa naye kwenye mkeka. Akamwambia, "Chukua fagio. Simama ukutani, linyooshe. Linapoishia ncha, hapo ndipo majani yangu yanaishia. Mbele ya hapo ni kwako, fagia upendavyo. Ila sasa uanzie barabarani uje nyumbani, na vumbi ulinyunyizie majani yangu, ndicho chakula chake."

"Nifagie kuja nyumbani? Maisha yangu yote nimefagia kwenda nje."

"Ndiyo maana tuko hapa, dada."

Bi Mwajuma akainuka. Akalichukua fagio, akalinyoosha kutoka ukutani, akatia alama kwa kidole cha mguu. Tukapanda jioni ileile, kabla hajabadili mawazo. Tulikata ukoka vipande vyenye vifundo, tukavilaza kwenye vifereji, tukafukia, tukafunika kwa nyasi kavu ili matone ya mvua yasichimbue. Kila siku Bi Mwajuma aliumwagilia maji aliyooshea mchele, huku akiuambia, "Ota basi, kama kweli una kazi."

Lakini mawingu ya mwaka ule yalikuwa na haraka. Ukoka ulikuwa umeanza tu kutoa vichwa. Hamisi akapiga simu kwamba yuko njiani, na asubuhi ya pili akafika na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, pamoja na dereva. Tulikuwepo. Alitupa shikamoo kwa adabu, akaitazama kazi yetu, akaisifu, kisha akainua macho kwenye ule ufa.

"Mama zangu, nashukuru," akasema. "Lakini mimi nikiwa Kahama, mvua ikinyesha huku, silali. Mkewe nikimuuliza kwa nini unalia, mimi nalia usingizini."

Alijichanganya kabisa maneno, masikini, alitaka kusema mkewe ndiye anayemuuliza kwa nini analia usingizini, na wala hatukumcheka. Bi Zuhura hakubishana naye. Hata mimi, na mdomo wangu huu, ningemwambia nini? Kwamba aache mama yake alale chini ya ukuta wenye ufa kwa sababu sisi tumepanda majani? Bi Mwajuma alifunga vitu vyake mwenyewe. Godoro, masanduku, sufuria, vyote vikapakiwa garini. Hakulalamika. Alipomaliza akaketi barazani na buibui lake, mikono magotini, akawa anatazama uwanja.

Ndipo mvua ikashuka. Haikuanza na manyunyu, ilishuka yote kwa pamoja kama ilivyo desturi yake huku kwetu, bati likalia mpaka hatukusikiana. Dereva akafunika godoro kwa turubai. Hamisi aliruka kutoka barazani akakimbilia ile kona ya chumba cha mama yake, akauwekea ukuta mikono miwili na kifua, anausukuma. Mtu mzima, na shati lake la safari. Alikuwa anaushikilia usianguke.

Bi Zuhura akamfuata kwa yale mabuti, amelowa chapachapa. "Mwanangu!" akapiga kelele. "Ukuta hautaki mikono! Tazama chini!"

Maji yalikuwa yanamwagika kutoka kwenye bati kwa wingi wa kutisha. Yaliangukia kwenye nyasi kavu, yakasitasita, yakapita katikati ya vile vichwa vya ukoka. Kisha yakateremka. Yaliuacha ukuta, yakateremka uwanjani taratibu, yakatoka barabarani. Hamisi alisimama pale mvua yote, mikono bado iko ukutani, macho chini. Palimomonyoka mahali pamoja padogo karibu na ngazi, Bi Zuhura akapakanyaga na buti lake moja na kulisimamisha hapo mpaka mwisho. Ufa haukuongezeka hata upana wa unywele.

Mvua ilipokatika, dereva aliwasha gari. Mama akainuka, akajitengeneza buibui, akaanza kushuka ngazi. Hakumwomba mwanawe chochote. Nadhani kama angeomba, nisingeweza kuwasimulia leo bila kulia.

Hamisi alimpita, akaenda kwenye kirikuu, akafunua turubai, akalishusha godoro. Akalitia kichwani, matope mpaka magotini, akapanda nalo ngazi. Mlangoni akasimama.

"Nikuwekee wapi, Mama?"

Bi Mwajuma akageuka, akamfuata juu ya ngazi. Akasema, "Palepale, baba. Weka palepale."

Aliishi humo miaka mingi baada ya hapo, na siku Mungu alipomchukua alimkuta kwenye kitanda chake. Watu wa Mtendeni walimtoa kwa jeneza, mabegani, akapita mlangoni kwake. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu aliyemtoa.